Kazi Ipi Itangulie?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema machache juu ya jambo linalotuhusu sisi sote tukaao bwenini, tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiwa na kazi kumi na muda wa kufanya tano tu, aanze na ipi? Wengi wetu hujibu, "Aanze na ile inayodaiwa kwanza." Mimi sikubaliani na jibu hilo, nami nitajaribu kueleza kwa nini.

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo watu hupenda kuzipambanisha katika midahalo. Ya kwanza yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwanafunzi mvivu huishika ya kwanza, kiranja wa zamu huishika ya pili, na kila mmoja hujiona ameshinda. Lakini wazee hawakuwa wajinga hata wajipinge wenyewe. Walijua ya kuwa kazi si za namna moja. Ipo kazi ambayo ukiichelewesha saa moja imeharibika, na ipo kazi ambayo ukiifanya kwa pupa imeharibika vile vile. Lililo gumu ni kuzitambua.

Kila kazi yapaswa kupimwa kwa vipimo viwili. Kwanza ni haraka yake: yaani, yatakiwa lini? Pili ni umuhimu wake: yaani, isipofanywa kabisa, hasara yake ni nini, na hasara hiyo itadumu muda gani? Vipimo hivi viwili watu huvichanganya, wakadhani kila lililo la haraka ni muhimu, na lisilodaiwa leo si kitu.

Mwezi Agosti mwaka 1954, Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati ule, alihutubia mkutano wa makanisa ya dunia huko Evanston, karibu na Chicago. Huyu ndiye jemadari aliyeongoza majeshi yaliyovuka bahari kuingia Ufaransa mwezi Juni mwaka 1944, basi hakuna awezaye kusema hakujua maana ya haraka. Hata hivyo alieleza, akimtaja mkuu mmoja wa chuo, ya kwamba shida zake zilikuwa za namna mbili, za haraka na za muhimu. Na kwamba za haraka si muhimu, na zilizo muhimu hazina haraka. Baadaye wengine waliyapanga mawazo hayo katika vyumba vinne, na kitabu cha Stephen Covey cha mwaka 1989 ndicho kilichovieneza sana. Nitavieleza vyumba hivyo kwa mifano ya hapa shuleni.

Chumba cha kwanza ni cha mambo ya haraka tena muhimu. Mwenzako ameshikwa na homa kali usiku, au moto umewaka jikoni, au mtihani ni kesho asubuhi. Hapa hapana mjadala. Mtu huinuka akaenda.

Chumba cha pili ni cha mambo yaliyo muhimu lakini hayana haraka. Kujua Kiingereza cha kutosha kusoma kitabu peke yako. Kuielewa hisabati tangu msingi wake. Kulala usingizi wa kutosha. Kutengeneza paa wakati wa kiangazi. Ukiacha mambo haya leo, hakuna atakayekuuliza kesho.

Chumba cha tatu ni cha mambo ya haraka yasiyo na umuhimu. Kuitwa utoke katika prepu ukamtafutie mkubwa ndoo yake. Kunakili ubao mzima usiku huu huu wakati maneno yale yale yamo kitabuni. Na tukiwa likizo, simu ya mkononi inayolia kila dakika kana kwamba nyumba inaungua, kumbe mtu ametuma picha ya chakula chake.

Chumba cha nne ni cha mambo yasiyo ya haraka wala muhimu, kama vile kubishana juu ya Simba na Yanga mpaka taa zizimwe. Sisemi soga ni dhambi. Nasema tu kwamba kila mtu anakijua chumba hiki, na akiingia humo anajua ameingia.

Hatari haimo sana katika chumba cha nne. Hatari imo katika chumba cha tatu, kwa sababu mtu akiwa humo hujiona mchapakazi. Anakimbia, anatoka jasho, anasifiwa. Jioni amechoka kweli, lakini ukimwuliza amefanya nini, hana la kukuonyesha. Na kila dakika aliyoitumia humo ameitoa katika chumba cha pili. Sababu yake si ngumu kuiona. Jambo la haraka lina msemaji: lina kengele, lina kiranja, lina adhabu. Jambo la muhimu halina msemaji. Kitabu usichokisoma hakigongi mlango wa bweni kukutafuta.

Mimi kwetu ni Msasani, Dar es Salaam. Wageni wakisikia jina hilo hufikiri majumba makubwa na mahoteli ya Rasi ya Msasani. Lakini Msasani ni kijiji cha wavuvi tangu zamani, na hata leo ngalawa na mashua zipo ufukweni pa ghuba. Nadhani wavuvi wanatupita sana katika somo hili, ingawa hawajapata kuchora vyumba vinne.

Hakuna mtu aijuaye haraka kuliko mvuvi. Maji yakipwa kabla hajatoka, chombo chake hukaa juu ya mchanga, naye atangoja saa sita hivi mpaka yajae tena. Samaki wakifika pwani hawakai; jua likiwapata wameharibika. Basi mvuvi angeweza kusema kwamba kazi yake yote ni ya haraka, na kwamba hana nafasi ya jambo lingine. Lakini chombo cha mbao kina adui zake. Maji hupenya katika maungio ya mbao, wadudu wa baharini hutoboa, magamba huota chini. Kwa hiyo yapasa chombo kipandishwe pwani, kikwanguliwe, kichomwe moto wa makuti kwa chini, kitiwe kalafati ya pamba yenye mafuta katika nyufa, tena kipakwe sifa. Siku hiyo mvuvi hapati samaki hata mmoja. Mtu mgeni akipita atamwona amekaa na nyundo, naye jirani yake amerudi na kapu limejaa, atasema huyu ni mvivu. Lakini mvuvi ajua kwamba chombo kisichopata kalafati kwa wakati wake hudai kalafati katikati ya bahari, na huko hakuna wa kuitia.

Tena wako wavuvi wa dagaa. Hawa huvua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote ina mwanga na taa haina nguvu tena, basi hawatoki. Usiku ule hauleti fedha, lakini siku zile ndizo za kushona nyavu. Angalia hekima iliyomo humo. Hawasemi, "Tutashona nyavu tukipata nafasi." Nafasi haipatikani. Siku za kushona nyavu zimekwisha kutengwa na mwezi wenyewe, zinarudi kila mwezi, na mvuvi aliye na akili hazichezei.

Ng'ambo ya pili ya somo hilo iko papo hapo Msasani. Liko bonde liitwalo Bonde la Mpunga. Jina lenyewe laonyesha ni mahali pa maji. Leo pamejaa nyumba, na mvua za masika zikinyesha sana maji huingia ndani, watu wakatoa magodoro na watoto. Kuzibua mtaro mwezi wa Januari ni kazi ya watu wachache wenye majembe na viroba. Kuuzibua mwezi wa Aprili, maji yamefika magotini, ni kazi ya mtaa mzima, na haifai kitu. Mtaro ni ule ule na takataka ni zile zile. Mwezi wa Januari kazi hiyo ilikuwa katika chumba cha pili, ikaachwa, ikaingia yenyewe katika chumba cha kwanza. Hiyo ndiyo tabia ya mambo ya muhimu: ukiyapuuza hayafi, hungoja mpaka yawe makubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini wasomaji wataniambia kwamba mvuvi ana mwezi wa kumsaidia, naye mtu mwenye mamlaka makubwa hawezi kuziacha kazi za kila siku. Basi nitatoa mfano wa mtu ambaye alikuwa na nyumba yake huko huko Msasani, akaishi humo miaka mingi ya urais wake. Nasema juu ya Mwalimu Julius Nyerere.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Hebu fikiri meza yake ilivyokuwa. Nchi changa, wasomi wachache, kazi nyingi za serikali zilikuwa bado mikononi mwa wageni, na watu walikuwa wakitazamia maisha yabadilike mara moja. Kila faili lilikuwa la haraka. Lakini tarehe 22 Januari mwaka 1962, yaani siku 44 tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu. Watu walishangaa, na wengine walidhani amesukumwa. Sababu aliyoitoa ilikuwa wazi: chama cha TANU kilikuwa kimejengwa kwa kudai uhuru, na uhuru umekwisha kupatikana, sasa ilipasa kijengwe upya kwa ajili ya kazi mpya ya kujenga nchi, na wananchi waelezwe kazi hiyo ni ipi. Akazunguka nchini, akaandika, na katika mwaka huo kikatoka kijitabu chake "TANU na Raia". Mwisho wa mwaka alichaguliwa kuwa Rais, na Tanganyika ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka 1962.

Wanahistoria waweza kubishana kama alifanya vema au la. Mimi nataka tuangalie jambo moja tu, ambalo nadhani hatulitilii maanani. Mwalimu hakuzitupa kazi za haraka. Alimwachia Rashidi Kawawa, akawa Waziri Mkuu, na mafaili yaliendelea kujibiwa. Maana yake ni kwamba jambo la haraka laweza kufanywa na mtu mwingine mwaminifu, lakini lile la muhimu, lisilo na msemaji, halikuweza kufanywa na mtu mwenye mafaili mbele yake. Ilibidi mtu mmoja atengwe kwa ajili yake.

Tena mtu huyo huyo alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, na baadaye "Mabepari wa Venisi", iliyotoka mwaka 1969. Ni nani aliyekuwa akizidai tafsiri hizo? Hakuna. Kama zisingetoka, hakuna balozi ambaye angelalamika wala ofisi ambayo ingefungwa. Lakini zimebaki, na sisi twaweza kuziazima katika maktaba, na barua za haraka za mwaka 1963 hakuna azikumbukaye. Katika mwaka huo wa 1969, akieleza juu ya Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu alisema maneno ambayo hata watoto wa shule ya msingi huyajua: kupanga ni kuchagua. Watu huyasema maneno hayo kama pambo. Lakini kuchagua maana yake ni kwamba kipo kitakachoachwa, na mtu asiyetaka kuacha kitu bado hajapanga.

Sasa nageuka kwetu. Yapo mambo mawili hapa shuleni ambayo nayaona ni muhimu mno, na kwa kuwa hayana kengele, hayafanywi.

La kwanza ni Kiingereza cha ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza. Walio wengi wametoka shule za msingi za serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwezi wa Januari wanaingia hapa, wakakuta jiografia, fizikia na biolojia, vyote kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari darasani kwao anakaa kimya mwaka mzima. Ananakili ubao vizuri sana, kila herufi mahali pake, lakini hajui alichokiandika. Hafukuzwi, hapigi kelele, hasumbui mtu, basi hakuna anayemwona. Akifika Kidato cha Nne, Kiingereza kimekuwa jambo la haraka, kwa kuwa mtihani wa Taifa ni Novemba. Lakini wakati huo ni kama kutia kalafati baharini. Nimewaona wenzangu wenye akili kunipita mimi wakilijua jibu kwa Kiswahili, wakashindwa kuliandika. Hilo si jambo dogo. Maisha ya mtu yanageuka hapo.

La pili ni moto. Mwaka 1994, huko Shauritanga, Rombo, wasichana zaidi ya 40 walikufa katika moto wa bweni. Mwezi Agosti mwaka 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari ya Idodi, Iringa, na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Walikuwa watoto wa umri wetu, wamelala kama tulalavyo sisi. Basi nauliza: muhula huu, ni nani aliyezitazama ndoo za mchanga mlangoni pa bweni lake? Ndoo nyingine zimekuwa za kufulia. Ni nani ajuaye ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani usiku wa manane? Kitanda kisipotandikwa vizuri, adhabu hutolewa kabla ya uji. Ndoo isiyo na mchanga haina adhabu mpaka siku ya moto.

Natoa mashauri matatu, na naomba Kaka Mkuu, viranja, na walimu wetu wayafikirie.

Kwanza, kila Jumatano, nusu saa ya kwanza ya prepu iwe ya kusoma. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne akae na wawili wa Kidato cha Kwanza, wasome ukurasa mmoja wa kitabu cha somo lolote kwa sauti ya chini, na mkubwa aeleze maneno magumu. Katika nusu saa hiyo mtu asiitwe nje isipokuwa kwa ugonjwa au jambo la hatari. Mambo mengine yote ya haraka yapokelewe na wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu walio zamu mlangoni, kama vile mafaili yalivyopokelewa mwaka 1962.

Pili, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya usafi, viranja wa mabweni wakague ndoo, milango, funguo na nyaya za umeme, waandike katika daftari moja, na daftari hilo apelekewe mwalimu mlezi wa bweni. Kazi hii haimalizi dakika 20.

Tatu, kila mmoja wetu, Jumapili jioni, aandike mambo mawili tu yaliyo muhimu kwa juma lijalo, na kila moja aliandikie siku na saa. Jambo lisilo na saa yake ni nia tu.

Najua nitapingwa. Wenzangu wa Kidato cha Nne watasema, "Mtihani uko mlangoni, nawe watutaka tuwe walimu?" Nawaomba wapige hesabu. Nusu saa kwa juma, kwa majuma 20, ni saa 10 tu. Hakuna kati yetu atakayeshindwa mtihani kwa saa 10, hasa akizitoa katika kunakili na si katika kulala. Tena aelezaye somo hulijua zaidi. Lakini hata kama tusingepata faida yoyote, kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza saa 10 za kusoma na mtu anayemsikiliza zaweza kuwa ndizo za pekee alizopata mwaka huu. Mimi pia nina mtihani huo huo wa Novemba, na saa hizo zitatoka katika muda wangu kama wa wengine.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya walimu. Ni kweli walimu hufundisha, lakini mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Sisi tuko wengi, na jioni tuko pamoja.

Wengine tena watasema nawafundisha wadogo kudharau kengele. La hasha. Kengele yafaa, na mtu asiyeifuata huwasumbua wenzake wote. Ninachokataa ni kuiachia kengele ituamulie lililo kubwa na lililo dogo. Kengele yajua saa tu. Kupima umuhimu ni kazi yetu sisi wenye akili.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka mwisho wa mwaka, na wengi wetu hatutaonana tena. Ubao tulionakili utafutwa, na zamu zetu zitachukuliwa na wengine. Lakini mtoto mmoja akiweza kusoma ukurasa wake peke yake ifikapo Novemba, hilo litabaki naye. Namwomba Kaka Mkuu atangaze Jumatano ya kwanza. Watakaokuwa tayari tukutane katika ukumbi wa chakula baada ya kuhesabiwa, kila mtu na kitabu chake.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne